Halmashauri England imekataa ombi la taarifa za dampo la zamani, wanasema litazidi saa 18. Hatua gani inafuata?

kivuko_22

Wakuu, salaam.

Kuna halmashauri ya wilaya hapa England, jina naliacha. Ina uwanja wa wazi uliokuwa dampo mpaka miaka ya 70, na kibali cha kujenga nyumba pembeni yake kimeshatoka. Ombi lililopelekwa kwa barua pepe lilisema hivi: "Naomba taarifa zote mlizonazo kuhusu eneo hili, barua pepe zote zinazolitaja, na mkataba wenu na kampuni inayozoa taka."

Jibu limekuja siku ya 19. Wamekataa kwa kifungu cha 12 cha Sheria ya Uhuru wa Habari ya mwaka 2000 (FOI), kwamba kutafuta kutazidi saa 18. Wameongeza kuwa mkataba wa taka ni siri ya biashara, basi usingetoka kwa vyovyote. Ushauri wa namna ya kulipunguza ombi hawakutoa.

Wanaozijua taratibu hizi, nisaidieni. Je, kifungu hicho kinahusika kweli na taarifa za dampo? Nikate rufaa au nitume ombi jipya? Na nyaraka zenyewe zinaitwaje, ili safari hii wasiseme hawajaelewa?

---

fundi_faili

Mkuu, barua yao imesimama juu ya sheria isiyo yake, angalau kwa sehemu kubwa ya ulichoomba. Tuanzie hapo, maana mengine yote yanafuata.

England ina njia mbili za kuomba taarifa kwa halmashauri. Ya kwanza ni hiyo FOI, iliyoanza kutumika kikamilifu Januari 2005. Ya pili ni Kanuni za Habari za Mazingira za mwaka 2004, ambazo wengi huziita EIR. Taarifa ikiwa ya mazingira, kifungu cha 39 cha FOI kinaitoa huko na kuipeleka kwenye EIR. Halmashauri haichagui inayoipendeza, na wala si lazima mwombaji ataje sheria kwenye ombi. Ni kazi yao kujua.

Kanuni ya 2(1) inaeleza taarifa ya mazingira kwa upana mkubwa. Hali ya hewa, maji, udongo na ardhi imo. Zimo taka, kelele, mionzi, gesi na chochote kinachotolewa kwenye mazingira. Zimo pia sera, mipango, makubaliano na shughuli zinazogusa hayo, uchambuzi wa gharama unaozihusu, na afya ya watu pale inapoguswa nayo. Kwa hiyo ripoti za dampo ni EIR bila ubishi. Barua pepe za maofisa kuhusu dampo hilo pia ni EIR. Hata mkataba wa kuzoa taka una hoja nzuri ya kuingia humo, kwa sababu ni makubaliano yanayogusa taka.

Kwa nini tofauti hii ni kubwa? Chini ya FOI, halmashauri ina dari la pauni 450, na muda wa mfanyakazi huhesabiwa pauni 25 kwa saa. Gawanya, unapata saa 18. Wakithibitisha kuwa kutafuta kutazidi hapo, wanaweza kukataa moja kwa moja, bila kupima maslahi ya umma. EIR haina dari hilo. Inachowapa ni kanuni ya 12(4)(b), ombi lililo wazi kuwa halistahili kutokana na mzigo wake, na hapo lazima wapime: mzigo upande huu, faida kwa umma upande ule. Saa 18 zinaweza kutajwa kama kielelezo, ila peke yake hazimalizi hoja. Juu ya hayo, kanuni ya 12(2) inasema mizani ianze ikiwa imeelekea upande wa kutoa.

Sasa kuhusu hesabu yenyewe ya saa 18, maana inakosewa mara nyingi. Zinazohesabiwa ni kazi nne tu: kubaini kama taarifa ipo, kuitafuta, kuifikia, na kuitoa ndani ya hati ilimo. Muda wa kufuta majina kwa wino mweusi hauhesabiwi. Muda wa kushauriana na mwanasheria kama itolewe au la hauhesabiwi. Ukiona makadirio ya jumla yasiyoonyesha mafaili mangapi na dakika ngapi kwa faili, omba mchanganuo.

Kosa jingine ni lile uliloligusa mwenyewe. Wakikataa kwa sababu ya gharama, kifungu cha 16 kinawapa wajibu wa kukushauri nini kinaweza kupatikana ndani ya kikomo. Kwenye EIR wajibu huo uko kanuni ya 9. Kukataa kisha kunyamaza ni hoja tosha ya kuiweka kwenye rufaa.

Na hapa niwe mkweli kuhusu ombi lako: "taarifa zote", "barua pepe zote", bila tarehe, bila jina la hati. Ombi la namna hiyo linampa ofisa mlango wa kutokea hata akiwa na nia njema. Neno "kuhusu" peke yake linaweza kuvuta maelfu ya barua pepe ambamo eneo limetajwa mara moja tu kwenye orodha.

Fanya mambo mawili kwa pamoja. Omba mapitio ya ndani ya barua yao ya kukataa, na siku hiyo hiyo tuma ombi jipya lililobanwa. Mapitio yanaweza kuchukua wiki nyingi, ombi jipya lina saa yake yenyewe. Ila usikate ombi moja vipande kumi ukivituma kila wiki ukidhani umekwepa dari: kwenye FOI, maombi ya jambo linalofanana kutoka kwa mtu mmoja, au watu walioshirikiana, ndani ya siku 60 za kazi mfululizo yanaweza kujumlishwa gharama zake.

Muundo wa ombi jipya uwe hivi, ukiuandika kwa Kiingereza chepesi:

"Naomba nakala za hati zifuatazo chini ya Kanuni za Habari za Mazingira za 2004. Moja, ripoti za uchunguzi wa udongo, maji ya ardhini na gesi za eneo lililowekwa alama kwenye ramani niliyoambatanisha, kuanzia Januari 2000 hadi tarehe ya ombi hili, pamoja na viambatisho vya maabara. Mbili, barua pepe kati ya ofisa wa ardhi iliyochafuliwa na ofisa aliyeshughulikia ombi la ujenzi namba fulani, za miezi mitatu kabla ya kibali kutolewa, zenye neno gesi au methani. Matokeo ya vipimo nayataka kwenye faili la Excel au CSV kama yapo hivyo. Ikiwa sehemu ya pili itawalemea, jibuni ya kwanza na mniambie ya pili ipunguzwe vipi."

Sentensi ya mwisho ndiyo nguzo. Bila hiyo, kipande kimoja kizito kinaweza kuzamisha ombi zima.

Usiulize "kwa nini mliruhusu?" Sheria inakupa kilichoandikwa na kuhifadhiwa, haiwalazimishi kutunga maelezo mapya. Omba ripoti ya ofisa iliyopendekeza kibali, sababu utazikuta mle.

---

udongo_mweusi

Nachangia majina ya hati, kwa kuwa hapo ndipo maombi ya ardhi huanguka.

Kabla ya kuandika lolote, fungua tovuti ya mipango miji ya halmashauri hiyo na uweke namba ya ombi la ujenzi. Rejista ya maombi ya ujenzi ni ya umma, na kwa eneo lililokuwa dampo ni kawaida kukuta tayari ripoti zimewekwa. Usiishie kwenye ombi kuu. Tafuta maombi madogo yaliyofuata, yale ya kutimiza masharti ya kibali, maana ripoti nzito huletwa huko, miezi au miaka baada ya kibali.

Mfuatano wa ripoti kwa kawaida ni huu. Awamu ya kwanza ni uchunguzi wa makaratasi: ramani za zamani, historia ya matumizi, na mchoro wa maneno unaoonyesha uchafu unatoka wapi, unapita wapi na unamfikia nani. Awamu ya pili ni kuchimba na kupima. Kisha mpango wa kusafisha. Mwisho ripoti ya uthibitisho kwamba kilichoahidiwa kimefanyika. Ukiomba "ripoti ya mazingira" unaweza kuletewa ya kwanza peke yake, yenye picha nzuri na vipimo sifuri. Itaje kila awamu.

Ndani ya awamu ya pili taja hivi: kumbukumbu za kila kisima cha uchunguzi, vyeti vya maabara, ramani ya mahali visima vilipo, na majedwali ya ufuatiliaji wa gesi. Kwenye gesi, asilimia ya methani na kaboni dioksaidi peke yake haikutoshi. Omba pia oksijeni, kasi ya mtiririko kwa lita kwa saa, shinikizo la hewa la siku ya kipimo, na kina cha maji kisimani. Sababu ni hii: shinikizo la hewa likishuka, gesi hutoka ardhini kwa wingi zaidi, na likipanda hubanwa chini. Vipimo sita vilivyochukuliwa vyote siku za shinikizo la juu vitaonyesha ardhi tulivu isivyo. Kisima kilichojaa maji juu ya matundu yake ya kuingizia gesi nacho hakipimi kitu. Methani huwaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, kwa hiyo hili si jambo la kuridhika na wastani. Muundo wa kinga ya gesi kwenye majengo hufuata kiwango cha Uingereza BS 8485. Ukiona ripoti haitaji daraja la gesi la eneo, yaani kiwango cha hatari ya gesi yake, kuna ukurasa unaokosekana.

Jambo jingine ambalo watu hudanganyika nalo: rejista ya ardhi iliyochafuliwa chini ya Sehemu ya 2A ya Sheria ya Ulinzi wa Mazingira ya 1990. Ni ya umma, unaweza kuiona bure. Lakini humo huingia maeneo yaliyokwisha kutangazwa rasmi na hatua kuchukuliwa, na rejista nyingi ni nyembamba mno. Eneo kutokuwamo hakumaanishi ni safi. Maana yake huenda hakuna aliyelifikia bado. Kinachofaa ni kuomba mambo mawili zaidi: mkakati wa halmashauri wa ukaguzi wa ardhi, na kumbukumbu ya eneo lako kwenye orodha yao ya maeneo yanayotiliwa shaka, pamoja na alama ya kipaumbele iliyopewa.

Na mwulize anayehusika. Kwenye maeneo yenye ngazi mbili, halmashauri ya wilaya hushika mipango miji, ardhi iliyochafuliwa na kuzoa taka majumbani. Halmashauri ya kaunti hushika utupaji wa taka na barabara. Leseni za madampo zilianza miaka ya 70 chini ya Sheria ya Udhibiti wa Uchafuzi ya 1974, na Shirika la Mazingira likachukua kazi hiyo Aprili 1996. Kwa hiyo leseni ya zamani inaweza kuwa kaunti, Shirika la Mazingira, au kwenye hifadhi ya nyaraka. Dampo lililofungwa kabla ya leseni kuanza huenda halikuwahi kuwa nayo, hapo omba kumbukumbu za vikao na barua za idara ya afya za wakati huo. Shirika la Mazingira lina ramani ya madampo ya kihistoria iliyo wazi kwa wote. Anzia hapo upate jina rasmi la dampo, kisha litumie jina hilo kwenye ombi. Jina la mtaani linaweza lisiwemo kwenye faili lolote.

---

hesabu_wazi

Nitagusa mkataba wa taka tu.

Siri ya biashara si neno la kufunga mlango. Kwenye FOI ni kifungu cha 43, kwenye EIR ni kanuni ya 12(5)(e), na kote kuwili lazima wapime maslahi ya umma. Tena lazima waonyeshe ni ibara zipi zitamdhuru nani, na vipi. Kuufungia mkataba wa kurasa 200 kwa sababu ya jedwali moja la bei ni kosa, wanatakiwa wafute jedwali na kutoa kilichobaki. Omba kwa majina: maelezo ya huduma, viwango vya utendaji, jedwali la makato ya faini pale mkandarasi anaposhindwa, taarifa za utendaji za kila mwezi za mwaka uliopita, na nyongeza zote za mkataba. Watu hulenga bei wakasahau jedwali la makato, na humo ndimo unapoona kama halmashauri inasimamia mkataba au inaulipa tu.

Mkataba wa zamani na mpya si sawa. Miezi ya zabuni, hoja yao ina nguvu. Miaka mitatu baada ya kusaini, bei ileile haina uzito ule. Ukikataliwa wakati wa zabuni, tega kalenda uombe tena.

Kabla ya ombi tazama pia walivyotakiwa kuvichapisha wenyewe. Kanuni za Uwazi za Serikali za Mitaa za 2015 zinaitaka halmashauri ya England ichapishe kila robo mwaka malipo yanayozidi pauni 500 na mikataba inayozidi pauni 5,000. Humo utapata jina la mkandarasi, namba ya mkataba na tarehe ya kwisha. Ukiitaja namba hiyo kwenye ombi, hawawezi kusema hawajui ni mkataba upi.

Kisha kuna mlango ambao watu wetu wengi hawaujui. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Ukaguzi na Uwajibikaji wa Serikali za Mitaa ya 2014 kinafungua vitabu vya hesabu kwa siku 30 za kazi kila mwaka. Mwenye maslahi, wakiwemo wapiga kura wa eneo hilo, huruhusiwa kukagua ankara, stakabadhi, mikataba na hati za mwaka wa fedha uliokwisha, na kuchukua nakala. Siri ya biashara inatajwa hapo pia, ila nayo hupimwa na maslahi ya umma. Dari la saa 18 halipo. Mpiga kura anaweza kwenda mbele zaidi, kumwuliza mkaguzi wa nje maswali na hata kuweka pingamizi. Na kumbukeni raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye ruhusa ya kuishi Uingereza wanaweza kujiandikisha kupiga kura za serikali za mitaa, Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wakiwemo. Tarehe za dirisha hilo huwekwa kwenye tovuti ya halmashauri. Likipita, mpaka mwaka ujao.

---

kivuko_22

Nashukuru sana wakuu, haya yana uzito. Nina maswali ya nyongeza.

Moja, siku 20 zinahesabiwaje hasa? Mbili, nimesikia wanaweza kutoza fedha kwenye EIR, ni kweli? Tatu, wakisema ripoti bado ni rasimu? Nne, je, mtu asiye raia, au asiyeishi kwenye wilaya hiyo, ana haki ya kuomba?

---

fundi_faili

Nianze na la nne kwa kuwa ni jepesi na linawazuia watu bure. Mtu yeyote, popote alipo, ana haki ya kuomba. Hawaulizi uraia, makazi wala sababu. Kwenye FOI weka jina halisi na anwani ya kujibiwa, barua pepe inatosha. Kwenye EIR hata ombi la mdomo ni halali, japo ukipiga simu, siku hiyo hiyo tuma barua pepe ya kuthibitisha ulichosema. Vinginevyo siku ya kulalamika huna ushahidi.

Siku 20 ni za kazi, na siku ya kwanza ni ile inayofuata siku ya kupokea. Ombi likiingia Jumatatu, Jumanne ni siku ya 1, na bila sikukuu siku ya 20 inaangukia Jumatatu ya wiki ya nne baadaye. Jumamosi na Jumapili hazimo, wala sikukuu ya benki ya sehemu yoyote ya Uingereza. Ndiyo maana tarehe 17 Machi ya Ireland ya Kaskazini au tarehe 2 Januari ya Uskoti huongeza siku hata kwa halmashauri ya England. Kupokea ni kuingia kwenye sanduku la halmashauri, hata barua ikikaa wiki nzima kabla ya kufika idara husika. Lakini ukipata jibu la otomatiki kwamba mhusika hayupo, tuma upya kwa anwani nyingine waliyokupa. Ombi lililolala kwenye sanduku la mtu aliye likizo linaweza kuhesabiwa halijafika.

Wakiomba ufafanuzi wa kweli, saa inaanza upya ukijibu. Jibu siku hiyo hiyo. Kwenye EIR wanaweza kuongeza hadi siku 40 za kazi, kwa masharti mawili kwa pamoja: taarifa iwe tata na iwe nyingi, tena wakuarifu kabla siku 20 hazijaisha. "Mhusika yuko likizo" si sababu.

Fedha: ni kweli. Kanuni ya 8 inaruhusu malipo ya kiasi, na lazima wawe na jedwali lililochapishwa. Ila kuangalia rejista za umma ni bure, na kwenda ofisini kwao kuikagua taarifa uliyoomba ni bure pia. Wakikupa ankara kubwa, jibu kwamba utakuja kuangalia papo hapo, ukifika chagua kurasa unazohitaji. Mahakama ya Ulaya mwaka 2015, kwenye kesi ya East Sussex, ilisema gharama ya kutunza hifadhidata haiwezi kuingizwa kwenye bei, ingawa muda wa mfanyakazi wa kujibu ombi unaweza. Wakitaka ulipe kwanza, una siku 60 za kazi za kulipa kabla ombi halijafa.

Rasimu: hiyo ni kanuni ya 12(4)(d), nyaraka ambazo hazijakamilika. Jibu lake lina sehemu tatu. Kwanza, nayo hupimwa na maslahi ya umma. Pili, data zilizokamilika ndani ya ripoti isiyokamilika haziwi rasimu. Cheti cha maabara kilichosainiwa ni hati kamili hata kama mtaalamu bado anaandika sura ya mwisho. Tatu, kanuni ya 14(4) inawataka, ikiwa wanajua, wakutajie mamlaka nyingine inayoandaa taarifa hiyo na muda unaokadiriwa wa kuikamilisha. Iombe tarehe hiyo kwa maandishi. Tarehe ikipita, ombi jipya.

Nyongeza moja ambayo hukuuliza. Taarifa ikihusu kinachotolewa kwenye mazingira, kama moshi wa dohani au maji ya bomba la taka, kanuni ya 12(9) inawanyang'anya sababu kadhaa za kukataa, siri ya biashara ikiwa mojawapo. Gesi inayovuja kutoka dampo ni hoja ya kujengwa hapo. Iandike wazi kwenye mapitio.

---

udongo_mweusi

Naongeza kwenye la rasimu: usikubali "ripoti iko kwa mshauri, si yetu." Hati anayoishikilia mtu mwingine kwa niaba ya halmashauri inahesabiwa ni ya halmashauri. Na ripoti ambayo mjenzi aliiwasilisha kwao imekwisha kuwa mikononi mwao. Hakimiliki ya mshauri haikuzuii kupewa nakala, ila kuichapisha tena nzima mtandaoni ni jambo jingine, hapo dondoa takwimu na ueleze kwa maneno yako.

Kuhusu barua pepe, tofautisha ofisa na diwani. Diwani akifanya kazi ya halmashauri, mfano mjumbe wa kamati ya mipango, ujumbe wake umo, hata akitumia WhatsApp au barua pepe binafsi. Akimjibu mkazi kama mwakilishi wa kata yake, haumo.

---

kivuko_22

Basi nimebakiwa na barua ya mapitio. Inaandikwaje?

---

fundi_faili

Fupi, ukurasa mmoja. Kwenye EIR una siku 40 za kazi kutoka siku unapoamini wamekosea, nao wana hadi siku 40 za kazi za kujibu, bure. Kwenye FOI muda wao wa kawaida kwa mujibu wa mwongozo wa serikali ni siku 20 za kazi.

Weka namba ya kumbukumbu, kisha hoja moja moja, kila hoja na kifungu chake. Kwa kesi yako ningeandika hivi. Taarifa za dampo ni za mazingira chini ya kanuni ya 2(1)(a), (b) na (c), basi kifungu cha 12 hakihusiki. Ikiwa mnategemea 12(4)(b), onyesheni mizani ya maslahi ya umma na mchanganuo wa saa. Hamkutoa ushauri unaotakiwa na kanuni ya 9. Siri ya biashara mmeitaja kwa mkataba mzima bila kutaja ibara wala madhara. Kwa nini umma unafaidika: nyumba zinajengwa pembeni ya dampo na watu wataishi humo, na hoja hii waiweke kwenye mizani wenyewe. Usilaumu ofisa kwa jina wala kutaja nia mbaya. Lugha kali hugeuzwa ushahidi kwamba ombi ni la usumbufu, na kifungu cha 14 cha FOI kinawaruhusu kukataa maombi ya namna hiyo.

Jibu la mapitio lisipokuridhisha, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Habari, ICO. Hakuna ada. Ambatanisha ombi la awali, barua ya kukataa, ombi la mapitio na jibu lake, vinne hivyo. Usikae navyo, maana ucheleweshaji usio na sababu unaweza kuifanya ICO iyaache. Uamuzi wake unakatiwa rufaa kwenye baraza huru la rufaa ndani ya siku 28, nako hakuna ada. Halmashauri ikikaa kimya tu siku 20 zikapita, usisubiri miezi: waandikie mara moja kuwakumbusha, kisha peleka ICO suala la ucheleweshaji.

Na ukishatuma ombi, kufuta au kuficha hati kwa makusudi ili isitolewe ni kosa la jinai, kifungu cha 77 kwenye FOI na kanuni ya 19 kwenye EIR. Huna haja ya kuwatishia nalo, ila hilo ni sababu ya kutuma ombi mapema, kabla mfumo wao wa kufuta barua pepe za zamani haujapita.

---

mlima_wa_mvua

Kwa walio Uskoti, msinakili haya yote jinsi yalivyo. Huko kuna sheria yake ya 2002 na kanuni zake za mazingira za 2004, na Kamishna wake. Dari la FOI ni pauni 600 kwa kiwango kisichozidi pauni 15 kwa saa, sawa na saa 40 au zaidi. Mapitio huombwa ndani ya siku 40 za kazi na hujibiwa ndani ya siku 20 za kazi, kisha una miezi 6 kwenda kwa Kamishna.

Na kwa kivuko_22: ombi jipya ukilituma kupitia tovuti ya WhatDoTheyKnow, ombi na majibu vyote vinabaki wazi kwa majirani wa uwanja huo. Usiweke simu wala anwani ya nyumbani humo. Kabla ya kutuma, tafuta kwanza jina la halmashauri hiyo na neno dampo kwa Kiingereza, huenda ripoti za gesi alishazipata mtu mwingine.

---

kivuko_22

Nimetafuta. Lipo ombi la mtu wa miaka minne iliyopita, na kiambatisho ni jedwali la methani la visima vitano, bila safu ya shinikizo la hewa wala kasi ya mtiririko. Ombi jipya nalianzia hapo: visima hivyo vitano kwa namba zake, safu zinazokosekana, na vipimo vyote vilivyofuata. Linatoka leo pamoja na barua ya mapitio.

---

udongo_mweusi

Vizuri. Ongeza mstari mmoja: tarehe kila kisima kilipochimbwa, kina chake, na kama bado kipo. Visima vingine huharibiwa na mashine wakati wa ujenzi, na kisima kilichovunjika huacha ukimya kwenye jedwali ambao msomaji anaweza kudhani ni sifuri.